Fulana ya Marehemu

Walijuana gulioni Lushoto, wakigombea fungu moja la karoti za Shume. Modesta, fundi cherehani, alikuwa ndani ya gauni la kitenge cha kijani lililomkaa hasa. Sefania, mtafiti, alishindwa ugomvi, akaomba namba ya simu. Sefania alikuwa akitengeneza fulana za kupima mapigo ya moyo, zilizopakwa nyuzi za madini ya fedha, nyembamba kuliko unywele. Baba yake Modesta, mgonjwa wa moyo, alipewa moja, akaivaa hadi umauti wake.

Sasa matanga yalikuwa yanaisha. Modesta alimpelekea Sefania, sasa mpenzi wake, kande kazini, akaikuta fulana ya baba imelowekwa kwenye beseni la dawa, kifua cheupe pe, nyuzi zote zimetoka.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye kamba pale kwenu, siku ya mazishi. Ni mali ya mradi, laazizi. Tunazitoa nyuzi, tunazipaka kwenye fulana mpya. Hatutupi kitu."

"Nyumba nzima tunaitafuta! Kesho shangazi anagawa nguo za marehemu. Na wewe Msambaa, mila hii unaijua."

"Nilidhani vifaa havihesabiwi."

"Baba kafa nayo mwilini, unaita kifaa?"

Jamani, mtu na shahada zake, anaanua nguo ya maiti watu wakiwa makaburini! Modesta aliondoka na kande zake, na njia nzima alijiapiza kwamba Sefania amekwisha kwake.

Jioni simu iliita.

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo."

"Nisikilize basi. Nyuzi za baba sikuzichanganya na za wengine. Ziko kwenye chupa, peke yake. Nilitaka kumpakia mama yako fulana yake, naye moyo unamsumbua."

Modesta alikaa kitandani. Alimchukia kwa kusema jambo zuri wakati huu.

"Ungeuliza, Sefania."

"Ningeuliza. Nimekosa."

"Kesho uilete hiyo chupa. Umwamkie shangazi, useme ulichofanya mbele ya ukoo, yeye ndiye aamue inakwenda kwa nani. Akikutukana, unyamaze."

"Nitanyamaza."

"Na arobaini ikipita, urudi na mjomba wako."

Kijana hampeleki mjomba wake kwa wazazi wa msichana ila kwa posa.

"Modesta, umenisamehe?"

"Bado nina hasira na wewe," alisema. "Mwambie mjomba avae koti, kwetu kuna baridi." Akakata simu.