Chupa za Damu ya Mama

"Usikimbie," sauti ya Mkuu ilimwambia kwenye kifaa cha sikioni. "Tembea kama muuguzi aliyechoka."

Kipanga alitembea. Gauni la kuazima lilimbana mabega, bastola ya Beretta ikimchoma kiunoni. Mbele yake mtu wa maabara aliyebandikwa jina la Msafi alishuka ngazi za hospitali na kisanduku cha barafu mkononi.

Mle ndani mlikuwa na damu ya mama yake.

"Ameshabadilisha chupa?" Kipanga alinong'ona.

"Ndiyo. Za uongo ziko juu, mbele ya majaji wanaoamua kama dawa iruhusiwe. Hizo za kweli anakwenda kuzichoma. Zikiungua, kidonge kinaingia kila zahanati."

Kipanga aliogopa. Aliogopa waziwazi, mate yakakauka mdomoni.

Kidonge kilikuwa cha kushusha mafuta kwenye damu, na kaka na mama yake walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa. Katika ukoo wao kulikuwa na urithi mbaya: wanaume mafuta yaliwapanda wangali vijana. Kaka yake alianguka kwa moyo akiwa bado bwana harusi. Wanawake urithi uliwasubiri mpaka hedhi ikome. Kidonge kilimwinua kaka. Kwa mama kikawa petroli juu ya moto. Wenye kiwanda, wageni wa mbali, walijua. Wakanyamaza.

Msafi aliingia chumba cha tanuri la kuchomea taka.

Kipanga alichungulia mlangoni. Msafi alikuwa mbali mno, na risasi ingepasua chupa. Basi, yamekwisha, aliwaza.

Lakini Msafi aliweka kisanduku sakafuni. Akavua glavu alizoshikia damu, akatoa jozi mpya, akaipuliza, akaanza kuivaa kidole kimoja kimoja. Maabara ilimfunza hivyo tangu ujana. Kusaliti wagonjwa aliweza. Kugusa tanuri kwa glavu chafu, hakuweza.

Kipanga akaruka.

Kiwiko kimoja shingoni. Msafi akalala chali, glavu moja ikining'inia.

"Taratibu, dada."

Chuma baridi kilimgusa kisogoni. Mtu wa kiwanda, suti ya kijivu, bastola ya Glock mkononi.

"Fungua tanuri. Tia kisanduku."

Kipanga akashika mpini wa mlango wa tanuri. Akauvuta kwa nguvu zote huku akijitupa chini.

Joto likamvaa mtu wa suti usoni. Akapiga yowe, akajifunika macho. Kipanga akampiga teke la goti. Glock ikateleza chini ya meza.

Kipanga alifungua kisanduku. Akainua chupa yenye lebo ya mama: mwanamke, miaka hamsini na tisa. Juu ya damu kulikuwa na utando mzito wa mafuta, mweupe kama maziwa.

"Ninazo," alisema. "Zote nzima."

"Majaji wanashuka," Mkuu alisema. "Toka humo."

Alimpigia mama yake simu akiwa bado kwenye korido.

"Mama, kile kidonge usikimeze tena."

"Mbona kaka yako kimemponya?"

"Kwake ni dawa. Kwako ni sumu."

"Na wewe je, mwanangu? Hedhi yako ikikoma?"

Mpaka siku hiyo Kipanga alikuwa hajawahi kupimwa damu na mtu yeyote.

"Nitapimwa, mama. Leo hii."

Akawakabidhi majaji kisanduku, akafunga vifungo vya gauni, akavuka ua wa hospitali polepole bila kugeuka nyuma. Waliomwona walisema hajui woga.