Babu Alipoacha Kukohoa

Kila asubuhi pale Ikuti, ukungu ukiwa bado umelala migombani, Babu Jotham alikohoa mara mbili. Hakuwa na mafua. Alikuwa akimpa taarifa mkwewe, Mama Sekela, kwamba anapita. Mama akikisikia kile kikohozi aliacha mwiko ndani ya sufuria, akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni mpaka hatua za mzee zipotee. Ndivyo Wanyakyusa wa zamani walivyoheshimiana: mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake, hamtazami usoni wala hatamki jina lake, na mzee naye hamsogelei. Vijana wengi wa mjini Tukuyu wameshaiacha mila hiyo, lakini nyumba ya Babu Jotham haikuiacha. Mama Sekela alikuwa ameolewa pale miaka mingi, na hakujua baba mkwe wake ana macho ya namna gani.

Katikati yao alisimama Sekela, mwanafunzi wa darasa la sita. Yeye ndiye aliyepeleka sahani ya ndizi kwa babu, na yeye ndiye aliyerudi na salamu.

"Mwambie mama yako ndaga fijo," babu alisema kila alipomaliza kula, yaani asante sana. Sekela akaibeba hiyo asante mpaka jikoni.

Msimu wa maparachichi ulipofika, Babu Jotham akapanda mti. Mwanawe Nsajigwa, baba yake Sekela, alikuwa amemkataza waziwazi, lakini masikio ya mzee yule yalisikia yalichotaka. Tawi likakatika. Babu akaanguka, paji la uso likagonga kisiki. Aliyeona ni Sekela peke yake. Babu alikaa chini kidogo, akajikung'uta majani, akacheka kwa aibu.

"Mjukuu wangu, baba yako asijue. Atanifungia ndani kama ndama."

"Lakini babu, umevimba!"

"Nundu haijawahi kuua mtu. Hii ni siri yetu mimi na wewe."

Sekela alimpenda babu yake, kwa hiyo akanyamaza. Nundu ikanywea, na jambo likaonekana limekwisha.

Wiki chache baadaye, kikohozi kikakoma. Asubuhi hiyo Mama alikuwa anapika ndizi alipoona kivuli mlangoni. Babu Jotham aliingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria, akamwita mkwewe kwa jina.

"Felista! Leo tunakula nini?"

Mama alijifunika khanga usoni, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Ndizi ziliungua mpaka moshi ukajaa jikoni, naye mzee alikaa palepale akitabasamu, kana kwamba hasikii harufu yoyote.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Babu hakukaa mahali pamoja. Alizunguka ua, akaingia shambani, akarudi, akatoka tena bila kujua anatafuta nini. Alicheka kwa sauti kwenye msiba wa jirani. Jioni yake akalia kama mtoto kwa sababu kuku alimkimbia. Majirani wakasema ni pombe, wengine wakasema uzee umemvua haya. Baba akamfokea mzazi wake kwa mara ya kwanza maishani, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuficha machozi. Sekela naye chakula kilimshinda. Kila akimtazama babu alikumbuka kile kisiki, lakini ahadi ile ilimfunga ulimi.

"Siwezi kuishi hivi," Mama alimwambia Baba. "Kesho narudi kwetu Kinyala. Wazee wa ukoo wakae, wamwonye. Wasipokaa, mimi ndiyo basi tena."

Kesho yake shuleni, Mwalimu Abrahamu alichora kichwa ubaoni, akaeleza kwamba ubongo ni laini kama ndizi mbivu, na kwamba humo ndimo zinamotoka furaha, hasira, woga na hata haya. Sekela alikuwa akitikisa miguu chini ya dawati tangu asubuhi. Akanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza.

"Mwalimu, mtu akigonga kichwa, tabia yake inaweza kubadilika?"

"Inaweza. Tena si lazima siku hiyohiyo. Kwa wazee hasa, damu inaweza kuvuja polepole kwa wiki kadhaa. Asipowahi hospitali, anaweza kufa. Kwa nini unauliza?"

Sekela alikuwa ameshasimama. "Naomba ruhusa, mwalimu. Ni babu yangu!"

Alikimbia bila kupumzika. Akamkuta Mama kando ya barabara, begi miguuni, akisubiri bodaboda.

"Mama, usiende! Babu alianguka kwenye mparachichi. Akagonga kichwa. Nilimwona, akaniambia nisiseme!"

Mama alifungua mdomo kumgombeza. Lakini papo hapo Babu Jotham akatokea njiani akiyumba, mguu wa kushoto ukiburuta. Kwa mazoea, Mama akageuzia uso upande wa pili.

"Mama, mwangalie," Sekela alisihi. "Tafadhali, mwangalie usoni."

Mama akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama baba mkwe wake. Hakuona ulevi wala ujeuri. Aliona mdomo uliolegea upande mmoja, na macho ya mtu aliyepotea karibu na nyumba yake mwenyewe. Mzee akapepesuka. Kabla hajafika chini, Mama alikuwa amemdaka.

"Mungu anisamehe," alisema. "Adabu itanisubiri. Sekela, simamisha lile gari!"

Lilikuwa gari la kubebea majani ya chai. Wakapanda nyuma, Babu akalazwa juu ya magunia, kichwa chake kwenye mapaja ya mkwewe. Njia nzima Mama hakumwachia.

Mjini Tukuyu walipokelewa na Daktari Najat. Alimwambia Babu anyooshe mikono yote miwili mbele. Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe. Akamgeukia Sekela, akamuuliza babu alianguka lini na aligonga wapi, na Sekela akaeleza bila kuficha kitu, hata zile ndizi zilizoungua babu asisikie harufu. Baba naye, aliyepigiwa simu, akafika akihema.

"Daktari, huyu mzee amekosa adabu au ni mgonjwa?" aliuliza.

"Ni mgonjwa," alijibu Daktari Najat, akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Nyuma ya hapa kuna sehemu ya ubongo inayofanya kazi kama breki. Hisia zinatoka ndani zaidi, ila hii ndiyo inayosema: ngoja, hapa hupaswi kucheka, huku hupaswi kuingia. Nadhani damu imejikusanya inaibana, na breki haishiki. Hata mishipa ya kunusia inapita jirani na hapo. Inawezekana iliumia alipogonga kisiki."

"Kwa hiyo babu hakuacha kumheshimu mama?" Sekela aliuliza.

"Hakuacha, mwanangu. Aliumia."

Baba alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

Siku hiyohiyo Babu alipelekwa Mbeya. Kipimo kikaonyesha damu, madaktari wakatoboa tundu dogo kwenye fuvu, wakaitoa. Walisema angechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Alirudi nyumbani akiwa amekonda na kichwa kimenyolewa. Harufu hakuipata tena, lakini mguu ulipata nguvu. Asubuhi ya kwanza Mama alisimama jikoni akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Sekela alishindwa kuketi.

Kisha kutoka migombani wakasikia kikohozi. Kimoja, halafu cha pili.

Mama akajibanza nyuma ya mlango, akiwa anacheka na machozi yakimtoka. Sekela alipeleka sahani, akarudi na ujumbe.

"Babu anasema ndaga fijo. Anasema na mimi ndaga, kwa sababu nilivunja siri yake."

Mama alimvuta karibu. "Sikia, Sekela. Siri inayoficha maumivu ya mtu usiitunze, hata kama anayekuomba unampenda kiasi gani. Nasi wakubwa tusiite tabia ya mtu mbaya kabla ya kuuliza ameumia wapi." Akachungulia nje, akashusha sauti. "Ila nikwambie jambo. Siku ile nilimwona. Ana uso mzuri kuliko mwanawe."

"Nikamwambie?"

"Thubutu! Hiyo sasa ndiyo siri ya kutunza."