Mita ya Nyumba ya Mwisho

Umeme ulikatika Jumatano saa tatu na dakika ishirini asubuhi, jua kali, anga halina hata wingu. Umeme wa jua ukikatika huku jua linawaka, ujue kuna mkono wa mtu. Fundi wa mtambo alishuka mbio kutoka kwenye nguzo aliyokuwa akifunga waya peke yake nyuma ya makaburi, akafungua chumba cha mitambo. Alikuta kufuli zima, madirisha mazima, lakini mfuniko wa inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri ili utumike majumbani, ulikuwa umewekwa chini. Skurubu zake sita zilipangwa juu yake kwa ustaarabu. Kadi ya ndani, kitu cha ukubwa wa daftari ambacho bila hicho mashine yote ni bati tupu, haikuwepo.

Kadi nyingine ingeagizwa ng'ambo, na ingechukua miezi minne kufika. Na mtambo wenyewe haukuwa wa kampuni wala wa serikali. Ulikuwa wa nyumba thelathini na sita za mtaa ule, kila nyumba na sehemu yake sawa, kila nyumba na zamu yake ya kuosha paneli. Mwizi akiwa mwenzao, basi alikuwa amejiibia na yeye. Hilo lilikuwa gumu kumeza, kwa hiyo watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Funguo zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao fundi, kiunoni. Wa pili ulikuwa wa mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa sayansi ambaye wote walimwita Mwalimu tu. Lakini yeye alikuwa ametangaza wiki mbili nyuma kwamba umempotea. Mlinzi alikwenda kunywa chai saa tatu kamili na kurudi saa tatu na nusu, kama afanyavyo kila siku, na hakuna aliyemwona fundi juu ya nguzo. Mpaka adhuhuri hukumu ya mtaani ilikuwa imeshatoka. Mkutano wa Jumamosi saa kumi, uliokuwa wa kuchagua mwenyekiti mpya, na ambao wengi walikuwa wameshanong'ona kwamba watampa fundi, sasa ukawa wa kupiga kura apelekwe polisi au la.

Fundi alikuwa na dada mmoja tu, aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada huyo ndiye msoma mita wa mtaa, na jina lake lilishasahaulika. Aliitwa Mama Mita. Kila Jumanne saa kumi na moja jioni alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, kuanzia ya kwanza karibu na chumba cha mitambo mpaka ya mwisho, ya mdogo wake, akiandika namba zilizopo. Alijua nani analala na taa, nani ana friji bovu linalokunywa umeme, na hakuwahi kumsema mtu. Jumatano ile alishindwa hata kula. Hakumuuliza mdogo wake kama ameiba, maana aliliogopa jibu.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda kwa mtu ambaye kila mmoja angefurahi kama ndiye angekuwa mwizi: Mzee Jenereta, aliyewauzia majirani umeme wa dizeli miaka mingi kabla paneli hazijamwagia mchanga kitumbua chake. Majirani walikuwa wameisikia jenereta yake ikinguruma dakika kumi tu baada ya umeme kukatika.

"Jana uliwahi sana kuwasha," Mama Mita alimwambia.

"Naiwasha kila Jumatano isigande. Wewe ukuta wetu mmoja, hujaisikia miaka yote hii?" Mzee aliguna. "Na jana ilizimika baada ya robo saa. Imezeeka kama mwenyewe. Njoo uone."

Akamfungulia friza. Harufu ilimrudisha Mama Mita hatua mbili nyuma. Nyama ya kuuza wiki nzima, aliyoinunua Jumanne jioni, ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Sasa niambie, mwanangu. Mtu anayejua umeme utakatika kesho, anajaza friza leo?"

Mama Mita alimwomba radhi, akatoka. Alipopita mlango wa chumba cha mitambo akasimama. Palikuwa na tangazo, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, herufi zimelala vizuri kama za ubaoni: pasi na pampu ya maji ni kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, jua likiwa jingi, si saa nyingine. Sheria hiyo haikuvunjwa. Ukipiga pasi asubuhi, taa za jirani hufifia, na utasemwa mpaka ujute. Mzee Jenereta hakujua, ndiyo maana hakujiandaa. Basi aliyejua angejiandaa, na huenda alifanya hivyo Jumatano ile ile kabla ya saa tatu, wakati hakuna mwenzake anayethubutu. Namba za Jumanne alikuwa nazo daftarini. Na mita za mtaa ule, za vigurudumu, zilisimama pale pale zilipokuwa umeme ulipokatika.

Alipita nyumba zote, Alhamisi na Ijumaa, akisema ni ukaguzi. Wengine walimfungia mlango nusu, wakamjibu kwa mkato, dada wa mwizi. Kisimani wanawake walipanga foleni na ndoo, watu wazima wakiwa na nguo zilizokunjamana kama za mtu aliyelala safarini. Nyumbani kwa Mwalimu bomba la uani lilikuwa likidondosha maji taratibu. Mwalimu mwenyewe alimpokea kwa heshima, shati jeupe limenyooka, akampa pole na kumwambia kwamba damu ni kitu kizito lakini haki ni haki. Mama Mita aliishukuru pole hiyo. Kisha akaandika namba ya mita, na kalamu ikakaribia kutoboa karatasi.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa. Fundi aliketi mbele peke yake, viti viwili kila upande vitupu. Mwalimu alifungua mkutano, na kabla hajamaliza salamu, Mama Mita alisimama na daftari.

"Tangu Jumanne jioni mpaka umeme unakatika, kila nyumba ilitumia nusu uniti, zaidi kidogo au pungufu kidogo, na hata zenye friji hazikufika mbili," alisema. "Nyumba moja ilitumia tatu na nusu. Yako, Mwalimu."

"Mita mbovu hizo."

"Labda. Lakini tenki lako bado lina maji, na sisi tunachota kisimani. Tazama humu ndani. Nani mwingine ana shati lililopigwa pasi?"

Watu walijitazama. Kisha wakamtazama yeye.

"Nina pasi ya mkaa," alisema Mwalimu.

"Hatuna," ilisema sauti kutoka nyuma. Alikuwa mke wake. Alisimama polepole, ameshika kiti cha mbele yake. "Aliniamsha Jumatano saa kumi na moja alfajiri, akaniambia nipige pasi mashati matano na nijaze tenki. Alisema kuna ukaguzi. Na sanduku lake amelifunga tangu siku ile."

Alitoka na wanawake wawili. Muda wote waliokuwa nje Mwalimu alikunjakunja ajenda yake mpaka ikawa ndogo kama kete. Walirudi na shati moja lililokunjwa vizuri. Ndani yake ilikuwepo kadi, na ufunguo uliopotea.

"Ningeirudisha Jumatatu," alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Ningesema nimeiokota, mtambo ungewaka. Paneli ya kwanza niliibeba kwa bega hili. Mlicheka, mkaniita kichaa wa jua. Nimewafundisha hata neno inveta. Halafu mnataka kunitoa kama mtu anayebadilisha balbu, mnamweka mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi."

"Kwa hiyo akafungwe mdogo wangu?" Mama Mita aliuliza. "Kwa kukubali kutajwa kuwa mwenyekiti?"

Ilipopigwa kura, ni Mwalimu aliyekabidhiwa polisi, na mkewe alikuwa wa kwanza kuinua mkono, akilia.

Saa kumi na mbili kasoro robo fundi alifunga skurubu ya sita, taa za mtaa zikawaka, watu wakapiga vigelegele. Mtu aliuliza kama nyumba ya Mwalimu ikatwe. Fundi alisema mle anaishi mama wa watu, na sehemu yake ni sawa na za wenzake. Kisha akamwomba dada yake daftari, aione hiyo namba iliyomwokoa.

Alifungua ukurasa wa Alhamisi. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa nyumba ya thelathini na sita, yake mwenyewe, saa tatu na dakika tano asubuhi. Dada yake alikuwa ameupita mtaa mzima kwenda kuanza mwisho.

"Ulianza na mimi," alisema.

"Nilianza na wewe," alisema Mama Mita. "Nisamehe."

Fundi alilifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa utotoni. Akaaga kwamba anakwenda kuzima taa ya nje aliyoisahau inawaka. Nyumba yake ilikuwa gizani, na dada yake aliyaona hayo kutoka pale aliposimama, lakini hakumwita.