Punda Aliyekataa Daraja

"Mama Ukasha, hivi huyu punda wenu ana mkwe ng'ambo ya pili? Mbona anaona haya kuvuka?"

Aliyeuliza ni Mzee Semboja, jirani yao. Yeye ni Msambaa wa Mpale aliyehamia Sindeni zamani, na kwa kuwa Wasambaa na Wazigua ni watani, hakuna aliyemkasirikia. Watu waliokuwa wakisubiri kupita darajani walicheka sana.

"Mkwe wake ni wewe, mtani," Mama Ukasha alijibu. "Ondoka njiani apite."

Mzee Semboja aliondoka njiani. Punda hakupita.

Punda huyo aliitwa Mgeni. Alikuwa bado mdogo, mwenye masikio marefu na macho ya kuuliza. Kazi yake ilikuwa kubeba maji, kwa sababu Mama Ukasha aliumwa mgongo na daktari alimkataza kubeba vitu vizito. Bomba la kijiji liko ng'ambo ya korongo. Zamani watu walivuka kwa kukanyaga mchanga, lakini mvua za masika zililichimba lile korongo mpaka kingo zikawa ndefu kama ukuta. Ndipo wanakijiji wakatandaza mabanzi juu ya magogo, likawa daraja.

"Daraja ni kitu kigeni kwake," mama alimwambia Ukasha, mwanawe wa miaka kumi na miwili. "Mpitishe mtupu kwanza. Mwache anuse. Akitaka kurudi, arudi. Usimbebeshe maji juu ya daraja mpaka nikwambie."

Ilikuwa likizo. Kila asubuhi baada ya swala, Ukasha alishuka na Mgeni korongoni. Mgeni alinusa mabanzi, akaweka ukwato mmoja, akautoa. Kesho yake aliweka miguu miwili. Mwishowe alivuka, polepole, kama mzee anayepita penye tope. Lakini mama alikuwa bado hajasema neno la mzigo.

Jioni moja kulikuwa na mpira uwanjani. Wenzake Ukasha walipita mbio kutoka bombani, Awadhi, mtoto wa Mzee Semboja, akiwa mbele yao.

"Ukasha, tunapanga timu bila wewe!" walimpigia kelele.

Ukasha alijaza madumu, akayafunga mgongoni kwa Mgeni, kisha naye akapanda juu na kumchapa fimbo. Katikati ya daraja banzi moja lilisogea. Mguu wa mbele wa Mgeni ulizama hadi gotini. Dumu moja liligonga gogo likapasuka. Punda alilia, na Ukasha, kwa woga, badala ya kumtua mzigo alizidi kumchapa mpaka mnyama akajinasua mwenyewe, na banzi likarudi mahali pake.

Nyumbani mama aliliona lile dumu na mguu wa punda uliochubuka. "Imekuwaje?"

"Awadhi alimrushia punda mawe."

Jina lilimtoka tu. Lilikuwa karibu na ulimi.

Mzee Semboja ni mtu wa utani, lakini kwa mawe hana utani. Habari zilipomfikia, alimchapa mwanawe mbele ya watu kwenye foleni ya bomba. "Wallahi sikurusha, baba!" Awadhi alilia. Baba yake akamwongezea fimbo nyingine kwa kuapa uongo. Ukasha alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, ameinama, anatazama maji yanavyoingia kwenye ndoo ya mtu.

Kuanzia hapo Mgeni hakukanyaga tena daraja. Akilikaribia, alitetemeka na kukita miguu chini. Watu wazima walidhani anaogopa watoto, hivyo watoto wakafukuzwa korongoni. Haikusaidia. Wakamwekea pumba za mahindi katikati ya daraja, akala zilizopeperushwa ukingoni tu. Wanaume wawili walimvuta kwa kamba, akalala chini. Mmasai mmoja aliyekuwa akipitisha mifugo yake aliwaazima punda jike atangulie, kwa maana punda humfuata mwenzake. Yule jike alivuka. Mgeni alimtazama akienda, akamlilia, asimfuate.

"Huyu amekwisha, mama," Mmasai alisema. "Uza tu."

Sasa mama alibeba ndoo mwenyewe. Ukasha alibeba dumu, lakini halikutosha, na kila mara alimwona mama amesimama kwenye mteremko, mkono kiunoni, midomo ikisema dua. Mwishowe mama alimtumia ujumbe Mzee Mdoe, msomba matofali wa Kwashemshi. Watu wote walijua punda wa Mzee Mdoe: migongo yao ilikuwa na vidonda visivyopona.

"Atakuja Ijumaa, baada ya swala," mama alisema. "Sina njia nyingine, mwanangu."

Alhamisi alasiri mama alikuwa akiosha mguu wa Mgeni kwa maji ya chumvi.

"Ukasha, njoo uone," alisema. "Jiwe likipiga, huumiza upande mmoja. Hapa ngozi imechunika pande zote mbili." Aliukausha mguu kwa kitambaa. "Sikuulizi kitu. Mzee Mdoe anakuja kesho. Mimi nakwenda kuswali."

Ukasha alibaki na punda. Mgeni alimnusa begani kama kawaida yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alipotoka na mkeka wake mkononi, Ukasha alikuwa analia.

"Mama, hayakuwa mawe."

Alisema yote, mpaka kisa cha Awadhi. Mama hakumpiga. Ukasha alitamani ampige.

"Siku zote hizi tunamfundisha punda asiogope watu," mama alisema, "kumbe anaogopa shimo. Lete jembe."

Walilinyoosha lile banzi lililolegea, wakalifunga kwa kamba ya katani, wakashindilia udongo juu ya mbao zote na kutandaza majani makavu, mpaka daraja likafanana na njia. Kisha mama alimvua Mgeni kamba.

"Simama pale ulipomzamisha," alimwambia Ukasha. "Mpe mgongo. Aone umesimama na huzami."

Ukasha alisimama. Jua lilizama, Mgeni hakusogea. Wakarudi nyumbani.

Ijumaa walishuka tena mapema. Ukasha alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alisikia ukwato mmoja juu ya udongo, kisha akausikia ukirudi. Alisikia tena. Ukarudi tena. Watu walipita pembeni na ndoo zao, wakitikisa vichwa. Jua lilipanda, na mwanga ulipozidi kuwa mkali Ukasha aliacha kutumaini. Alisimama tu, kwa sababu hakujua la kufanya lingine.

"Usigeuke," mama alisema kwa sauti ya chini.

Pumzi ya moto ilimgusa shingoni. Ukasha alipiga hatua moja, kisha nyingine. Mgeni alimfuata akitetemeka mwili mzima, paji la uso amelibana kwenye mgongo wa kijana, mpaka ng'ambo. Hakuna aliyeshangilia.

Mzee Mdoe alipofika aliambiwa punda hauzwi. Alinung'unika, akaondoka na pikipiki yake. Ukasha alitaka kucheka kwa furaha, lakini mama alikuwa tayari anajitanda kanga.

"Bado," alisema. "Kuna mtu alichapwa."

Kwa Mzee Semboja walimkuta Awadhi ndani, anapukuchua mahindi karibu na mlango. Ukasha aliamkia, "Shikamoo mzee," kisha akasema yote bila kuficha. Kwa mara ya kwanza Mzee Semboja hakuwa na utani. Alimtazama mwanawe, akajikuna kidevu.

"Nilikuchapa na ulikuwa unaapa kweli," alisema. "Nimekukosea, mwanangu."

Mama Ukasha alikaa kwenye kigoda. "Sikilizeni, nyote wawili. Uongo ni mzigo, na anayeusema hutafuta wa kumtwika. Punda aliubeba, mgongo wangu uliubeba, na Awadhi aliubeba kuliko sote. Mungu anapenda anayekiri, lakini kiri mapema. Ukweli ukiwahi huizuia fimbo. Ukichelewa, hukuta imeshampiga mtu, na hauwezi kuirudisha."

Ukasha alinyoosha mkono. "Nisamehe, Awadhi."

Awadhi aliutazama ule mkono.

"Ulikuwepo kwenye foleni," alisema. "Ulikuwa unasikia."

Akaweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye kaptura, akampita Ukasha mlangoni na kutoka nje.