Mkono wa Rennick

Verna, mshonaji wa mavazi ya filamu, alimmwagia mwanamume mmoja supu ya maharage kifuani, palepale juu ya namba ya mfungwa kwenye shati lake. Kantini ya studio ilikuwa imefurika mchana ule. Polisi wa kuigiza walipigana vikumbo na wacheza ngoma wenye manyoya kichwani.

"Nimelishona jana shati hilo!" Verna alifoka.

"Basi umejimwagia mwenyewe, mrembo. Mimi nimelivaa tu."

Huyo alikuwa Harlan. Hakuwa mwigizaji, alikuwa mkono. Filamu yao ilitokana na kitabu alichoandika Cobb Rennick, muuaji aliyekuwa bado hai, akingoja kuuawa katika chumba cha gesi gerezani huko kaskazini. Kamera ikisogelea karatasi, aliyeandika alikuwa Harlan. Aliuiga mwandiko wa Rennick kwa wiki tatu mpaka ukamkaa vidoleni.

Mapenzi yakawaka. Verna alivaa gauni la manjano wakaenda ufukweni Santa Monica, na kila asubuhi alikuta kikaratasi chini ya cherehani: *Umeamkaje, malaika?*

Siku moja, akikusanya nguo za kufua, alitoa barua mfukoni mwa shati lile. *Mpenzi Lorna, usiache kuja Jumapili.*

Akampigia simu.

"Lorna ni nani?"

"Lorna? Mke wa Rennick. Barua ya filamu hiyo, mpenzi."

"Usinifanye mjinga. Mwandiko wako naujua!"

"Ni wake, nimeuiga."

"Na vikaratasi vyangu je? Mwandiko ni huohuo, Harlan. Nani alikuwa ananiandikia?"

Verna akakata simu. Harlan akachukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe. Likatoka kwa mwandiko wa Rennick. Akarudia mara kumi. Ukatoka uleule.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Rennick aliuawa kule gerezani. Saa hiyohiyo Harlan alikuwa chini ya taa, akiandika barua ya mwisho.

"Kata!" mwongozaji akaamuru.

Mkono haukukata. Uliongeza mstari ambao haukuwamo kitabuni: *Lorna, hukuja.*

Harlan alikimbia hadi chumba cha ushonaji, karatasi mkononi, jasho likimtiririka. Verna alisoma, kisha akamtazama usoni. Uso ule haukuwa wa mwongo.

"Andika jina langu," akasema. "Kwa kushoto."

Herufi zilitoka zimepinda kama kuku amechakura.

"Mbaya kweli!" Verna akacheka huku akilia. "Lakini huyu ni wewe."

"Utaolewa na mtu mwenye mwandiko huu?"

"Na huo tu. Ule mwingine siutaki nyumbani kwangu."

Wiki ya pili walisimama mbele ya karani wa ndoa. Harlan alitia sahihi kwa kushoto, taratibu, ulimi nje. Mkono wa kulia Verna aliushika ndani ya wake. Akahisi kidole kikitembea kiganjani mwake, kikiandika.

Herufi ya kwanza haikuwa V, ilikuwa L. Verna akatabasamu kwa karani, akazidi kuubana mkono ule.