Shujaa Aliyefungwa Kamba

Twahiru hakuwa na upanga. Hakuwa na ngao wala farasi, wala jeshi la kumfuata nyuma. Hakuwa na kimo. Mlango wa nyumba yake aliupita bila kuinama, hata akiwa amevaa kofia. Hakuwa na sauti nzito. Hakuwa na meno mawili ya mbele, ambayo yalimtoka siku alipokuwa akipasua kuni. Zaidi ya yote, na hili ndilo lililomuumiza mpwa wake Yasmini, hakuwa na ujasiri wa kuingia Mto Ruvuma bila kufungwa kamba kiunoni.

Kazi lakini alikuwa nayo. Tangu bomba la kijiji lilipoharibika, akina mama wa upande ule wa Mahurunga walichota maji mtoni, na mtoni kuna mamba. Ndipo Twahiru alipojenga uzio. Alichonga miti mirefu, akaisimika majini mmoja mmoja, ikabanana na kuzunguka mahali pa kuchotea. Kila asubuhi, kabla ndoo ya kwanza haijatumbukizwa, alipita mti hadi mti akiitikisa. Uliolegea aliugongelea. Uliooza aliung'oa, akasimika mwingine.

Kusimika mti kulimlazimu kutoka nje ya uzio. Hapo ndipo ilipokuja ile kamba. Ncha moja aliifunga kiunoni, na ncha ya pili aliishika dada yake Mwanaisha, yaani mama yake Yasmini, ambaye alisimama ukingoni akiyakodolea macho maji. Akivuta mara moja tu, Twahiru alitoka mbio bila kuuliza. Siku moja Mwanaisha alivuta kwa sababu ya gogo lililokuwa likielea. Twahiru alichomoka kwa kasi hata kikoi chake kikabaki kimenasa kwenye uzio, akafika ukingoni na kaptura tu. Kijiji kilicheka juma zima. Yasmini peke yake hakucheka.

Yasmini alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita. Mwalimu wao wa Kiswahili, Felista, alikuwa mgeni. Hakuwa amemaliza hata mwezi tangu alipohamia kutoka Masasi. Kwa kusimulia, alikuwa fundi. Jumanne moja aliwasimulia habari za mashujaa wa tenzi na hadithi za kale.

"Wakipiga hatua, ardhi inatikisika!" alisema, akaupiga mguu chini hadi chaki zikaruka mezani. "Mtu mmoja anasimama mbele ya jeshi la watu elfu, na jeshi ndilo linalokimbia! Simba anauawa kwa mikono mitupu, tena kabla ya chai!"

Darasa likashangilia. Kisha mwalimu akatoa karatasi mkobani. Chama cha wasomaji cha Shangani, Mtwara mjini, kiliwaalika wanafunzi kuandika barua kuhusu "Shujaa wa Siku Hizi". Shule ya mshindi ingepewa sanduku la vitabu vya hadithi. Shule yao ilikuwa na vitabu vya hadithi kumi na kimoja tu, na kimoja hakikuwa na mwisho kwa kuwa panya waliula.

"Yasmini, wewe andika habari za mjomba wako," alisema Anold kutoka dawati la nyuma. "Shujaa aliyefungwa kamba kama beberu wa Idi. Mee!"

Dawati zima la nyuma likaitikia, "Mee!"

Yasmini aliinama juu ya daftari, masikio yakimwaka moto, akaandika. Aliandika kwamba Mjomba Twahiru aliingia Ruvuma na mkuki mmoja, akapigana na yule mamba mkubwa aliyewatisha watu wa Mahurunga tangu asubuhi hadi jua kuzama, akamuua. Mwisho akaandika, "Na tangu siku hiyo maji yetu ni salama." Ilikuwa kweli kwamba mamba yule hakuwa ameonekana kwa majuma mawili. Mengine yote aliyatunga mwenyewe. Kamba hakuitaja kabisa.

Mwalimu Felista aliisoma barua ile akasisimka. Siku ya Ijumaa akamtaka Yasmini aisome mstarini mbele ya shule nzima. Watoto wa darasa la pili walisikiliza vinywa wazi, na mbele yao alikuwa Sabra, mdogo wake Yasmini, aliyepiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu.

"Na ngozi ya huyo mamba iko wapi?" Anold alimuuliza baadaye.

"Ilichukuliwa na maji."

"Na mkuki?"

"Nao pia."

"Kha! Maji ya Ruvuma yana kazi," alisema Anold, akaenda zake akicheka.

Hayo Yasmini aliyavumilia. Lakini wakati wa kutoka, Mwalimu Felista alimwita. "Kesho nitakuja mtoni kumpa mjomba wako mkono. Tena atatia sahihi chini ya barua. Ndiyo sharti la mashindano."

Yasmini alikimbia nyumbani bila hata kuaga.

Jumamosi aliwahi mtoni, ameazimia kusema kweli kabla mwalimu hajafika. Twahiru alikuwa amekwisha kukagua uzio, kamba ameikunja, sasa amekaa ukingoni akichonga mti kwa panga, na Mwanaisha akiosha debe karibu naye.

"Mjomba," alianza Yasmini.

"Naam, mpwa wangu."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Yasmini akavuta pumzi. "Mjomba..."

"Naam."

"Umeamkaje?"

Twahiru akasimamisha panga hewani. "Hii ni mara ya pili. Ama leo unanipenda sana, ama umevunja kitu."

Kabla Yasmini hajajibu, sauti ikasikika njiani. "Hodi hapa! Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kumwona muua mamba kwa macho yangu," alisema Mwalimu Felista, akanyoosha mikono yote miwili.

"Muua nini?" aliuliza Twahiru.

Yasmini akafumbua kinywa, lakini kelele za watoto zikamfanya ageuke. Sabra na rafiki yake Faraja walikuwa majini, si ndani ya uzio bali nje yake, hatua kama kumi hivi, maji yamewafika kifuani. Walikuwa wakirushiana maji na kucheka, na ndoo ya Sabra ikielea kando yao.

"Sabra!" Mwanaisha alipiga ukelele. "Toka huko! Toka!"

"Hakuna kitu, mama!" Sabra alijibu kwa furaha. "Mjomba ameshamuua!"

Upande wa juu wa mto, pale palipokuwa na kivuli, kitu kama kipande cha gome kilitoka kwenye matete. Hakikufuata mkondo. Kilikuja moja kwa moja.

Yasmini alikumbuka mashujaa wote wa Jumanne. "Ruka, mjomba! Ruka!"

Twahiru hakuruka. Aliikunjua kamba, akaizungusha kiunoni.

"Nenda tu, mjomba! Utachelewa!"

"Nikienda hivi hivi mtatafuta watu watatu badala ya wawili," alisema Twahiru. Vidole vyake vilitetemeka, lakini fundo likakaa. "Dada, shika. Mwalimu, nawe shika. Yasmini, piga lile debe limtishe, wala usiache."

Ndipo alipoingia. Yasmini aliligonga debe kwa kipande cha mti kwa nguvu zake zote, huku machozi yakimtiririka. Alimwona mjomba wake mfupi akijisukuma majini hadi mabegani, akamkwapua Sabra kwa mkono mmoja, akamshika Faraja gauni kwa mkono wa pili.

"Vuteni!"

Mwanaisha na Mwalimu Felista walivuta. Viatu vya mwalimu vilizama matopeni, naye akaendelea kuvuta pekupeku. Wote watatu waliburutwa hadi ukingoni kama juya lililojaa samaki, wakipaliwa na kukohoa. Nyuma yao maji yakafumka. Kichwa kirefu kikatokeza, kikaidaka ile ndoo, na wote wakasikia plastiki ikipasuka: kraa!

Kisha Sabra akalia, "Ndoo yangu!"

Mwanaisha akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia. Twahiru alikuwa amekaa chini, meno yaliyobaki yanagongana. "Nipeni chai," alisema. "Tena yenye sukari nyingi."

Alipomaliza kikombe aliwageukia watoto. "Nani aliwaambia mamba amekufa?"

"Dada Yasmini," alisema Sabra. "Alisoma mstarini. Ulimchoma mkuki."

Yasmini angeweza kukimbia. Njia ya shambani ilikuwa wazi nyuma yake. Badala yake akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Ni mimi, mjomba. Niliandika uongo. Hukumuua mamba yeyote."

"Hilo nalijua," alisema Twahiru. "Kwa nini uliandika?"

"Niliona haya. Ile kamba... wananicheka shuleni."

Twahiru aliweka kikombe chini. Alipozungumza hakupandisha sauti. "Mimi ninaogopa, mpwa wangu. Ninaogopa kila asubuhi, tangu ninapovaa kikoi. Wangapi nimewasikia wakisema hawaogopi mamba? Mmoja wao alikuwa rafiki yangu, nasi hatukupata cha kuzika. Nawe umewaambia watoto wadogo kwamba hakuna cha kuogopa."

Yasmini hakuweza kuinua kichwa.

"Jumatatu utakwenda pale pale uliposimama, uwaambie kweli. Na mwezi mzima utachonga miti pamoja nami. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na mimi nina kosa," alisema Mwalimu Felista, akitafuta kiatu chake matopeni. "Hadithi ilinichangamsha, nisiulize hata swali moja. Jumatatu nitasimama naye."

Jumatatu wakasimama wawili. Yasmini alisema yote mbele ya shule nzima: mkuki ulikuwa wa uongo, mamba yuko hai, na mtu asitoke nje ya uzio hata hatua moja. Akaeleza kamba ni ya nini. Alingoja ile "mee" kutoka nyuma. Haikuja.

Ndipo Mwalimu Felista alipochukua nafasi. "Mashujaa wa kale tutaendelea kuwasimulia," alisema. "Watu wa zama zile walikuwa na vita mlangoni, wakamhitaji mtu wa kutangulia mbele peke yake. Watunzi nao wakamkuza, ili vijana wapate moyo wa kumfuata. Lakini sisi wa leo anatufaa nani zaidi? Ni muuguzi anayefika zahanati mvua ikinyesha. Ni mtu anayetikisa miti ile ile kila siku, wala hapigiwi makofi, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Mtu huyo anaogopa, anajua anachokiogopa, naye amejiandaa. Hana haja ya kupambwa kwa uongo. Yasmini alimpamba, na nusura tuwapoteze watoto wawili. Ninyi nyote mnaojua kuandika, kumbukeni kwamba kuna watu watakaoamini mlichoandika."

Mchana ule Yasmini alikwenda kuchonga miti, akamkuta Anold amefika kabla yake, panga mkononi.

"Umefuata nini?" alimuuliza.

"Nimekuja kuchonga," alisema Anold, akitazama pembeni. "Halafu nataka mjomba anifundishe lile fundo."

Jioni Yasmini aliandika barua upya. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Kesho yake alimsomea mjomba wake kibarazani, Mwanaisha akipeta mchele karibu nao na Mwalimu Felista akisikiliza.

"'Mjomba wangu aliingia majini bila kutetemeka,'" alisoma Yasmini.

"Futa hapo," alisema Twahiru. "Nilitetemeka."

Yasmini akafuta.

"'Aliwaokoa watoto wawili peke yake.'"

"Peke yangu na nani? Aliyenivuta ni jini? Mwandike mama yako. Mwandike na mwalimu, pamoja na viatu vyake."

"Viatu viache, mzee wangu," alisema mwalimu, na wote wakacheka.

Yasmini alirekebisha, akaisoma tena tangu mwanzo. Safari hii Twahiru alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Mwishowe alijikuna kidevu. "Sasa huyo namfahamu," alisema. Akachukua kalamu, akatia sahihi polepole, herufi moja moja.

"Tukishindwa je, mwalimu?" aliuliza Yasmini. "Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

"Tukishindwa, tutaendelea na vitabu vyetu kumi na kimoja," alisema Mwalimu Felista. "Tukishinda, hatutaona haya kuvifungua vile vipya."

Nje pikipiki ilikuwa inanguruma. Alawi, afisa kilimo, alikuwa akienda Naliendele kuchukua dawa za mikorosho, kisha apitie Mtwara mjini, naye alikuwa ameahidi kuipeleka barua Shangani kwa mkono wake. Yasmini aliikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi Mwanaisha akakoroga unga kidogo wa muhogo na maji ya moto. Yasmini akapaka kwa kidole, akabandika, akaigandamiza kwa kiganja hadi ikashika.

"Imefungika?" aliuliza Alawi.

"Imefungika, kaka."

Alawi aliiweka ndani ya koti, akavuta zipu hadi shingoni, akaondoa pikipiki kuelekea barabara ya Mtwara.