Mizabibu Minne ya Winfrida

Po.

Mlio ule ulimfikia Dastani kabla hajaona chochote, ukipenya makelele ya stendi ya Masasi, mkavu kama ganda la korosho linapopasukia motoni. Akageuka. Kwenye kibanda cha buluu dada mmoja muuza mvinyo alikuwa ameshika kizibo cha chupa. Gauni lake la kitenge cha kijani lilimkaa vyema kiunoni, na nywele zilisukwa kwa uzi mweusi.

"Mbona unanitazama kama mzani?"

"Ndiyo kazi yangu, kupima korosho." Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na Dastani alikuwa karani wa mmoja wao, leo Masasi, kesho Newala, keshokutwa Mnyambe. Hakuwahi kulala wiki mbili kitanda kimoja. "Kwani mvinyo wote si mmoja tu?"

Winfrida, ndilo jina lake, alicheka, akampangia vikombe vinne, kila kimoja cha zabibu ya aina yake. Aliwahi kufanya kazi miaka mitatu katika mashamba ya zabibu Dodoma.

"Hii Shenini. Taratibu, kaka, si uraka huo wa mabibo. Hii Makutupora. Kaberne. Na hii Sira."

Ya kwanza iliuchangamsha ulimi kama embe bichi lenye chumvi. Ya pili ilikuwa na utamu wa zambarau, ya tatu ikamkausha ufizi, ya nne ikanukia pilipili manga. Siku hiyo alikosa gari kwa makusudi.

Wakapendana. Kila alipopita Masasi alionja macho yamefumbwa, akitaja majina, akikosea, akichekwa. Alipokuwa Newala, simu ya ofisini ililia, akaipokea; alikuwa Winfrida.

"Naomba yule karani mwenye maneno mengi."

"Amekufa kwa kiu, mama."

"Mzikeni hukohuko. Nimechoka kumngoja."

Desemba vipando vya mizabibu alivyoagiza Winfrida vilifika kutoka Dodoma, mafungu manne, aina nne, ndiyo mali yake yote. Mjomba wake, mzee Ladislaus, alimpa shamba Chiwata. Lakini homa ilimlaza Winfrida.

"Pumzika, mpenzi," Dastani akasema. "Nitapanda mimi."

Akapanda kwa siku moja, kama alivyolelewa kupanda mihogo kwao Mnyambe: unafungua mafungu, unachanganya aina zote, moja ikishindwa nyingine inaziba pengo. Alirudi na tope magotini, anatabasamu.

"Sira iko mstari gani?" Winfrida aliuliza.

"Nimezichanganya. Shamba litapendeza."

Winfrida alijiinua kitandani. "Vijiti vyote vinafanana, Dastani. Nitakamuaje zabibu nisizozijua?"

"Kumbe mimi kibarua wako. Ungepanda mwenyewe."

Akapanda gari la Newala, akamwacha kitandani.

Wiki tatu zilimchemsha. Alihama nyumba za wageni tatu, akagombana na wapakiaji, na kila simu ilipolia aliikimbilia akakuta watu wa magunia. Mwisho akapiga yeye, kwenye duka jirani na kibanda, akaitiwa Winfrida.

"Vimechipua?"

"Vimechipua. Leo uko wapi?"

"Newala. Kesho Nanganga."

"Ndiyo hivyo." Winfrida alishusha pumzi. "Kwa kuchanganya sikukasirikii, hukujua. Ulikosea ukaondoka, hilo ndilo linaloniuma. Majani yatanidokeza, lakini nitakuwa na hakika vikizaa, mwaka wa tatu. Miaka yote hiyo wewe utakuwa unalala wapi?"

Akakata simu.

Dastani hakwenda Nanganga. Asubuhi alimrudishia tajiri wake mzani, akadandia lori la magunia mpaka Chiwata. Aliwakuta Winfrida na mjomba wake wakipalilia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefuata korosho?"

"Nimeacha kazi, mjomba. Nimekuja kuomba radhi. Na kumposa Winfrida."

Kwao neno la ndoa ni la mjomba, lakini mzee aliegemea jembe lake. "Mimi unaniambia nini? Uliyemwacha na homa yake ni yule pale."

Winfrida hakuinua macho. Aling'oa gugu, akalitupa, akang'oa jingine. Dastani akapiga magoti kwenye udongo uleule alioukoroga, na maneno yake mengi yakapungua.

"Winfrida, mbele ya mjomba wako nasema: nitalala Chiwata, masika na kiangazi, mpaka shina la mwisho lizae, uonje, uniambie ni zabibu gani."